Baba Analaumu Injini ya Mazutu, Lakini Mimi Najua Kwa Nini Kaka Hakukimbia

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nakaa Rumonge. Shuleni nasoma Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, na nikilia nalia kwa Kiswahili. Gazeti lenu hutufikia kwa boti kutoka Kigoma, siku nyingine likiwa limelowa. Tafadhali ficheni jina langu. Mbele za watu hata kuomba chumvi naona haya, ndiyo maana naandika.

Tulikuwa na gari la familia la viti saba, ila kaka yangu, nimwite Saidi, alilivalisha matairi mapana na usukani mdogo, akawa analiendesha kama la mashindano. Lilikuwa la esansi, yaani petroli. Vita vilipokaza, esansi ikawa adimu kuliko dawa, lakini mazutu, ile mnayoiita dizeli, bado ilikuwa inavushwa ziwani kutoka Congo. Baba akang'oa injini ya esansi, akafunga ya mazutu yenye turbo. Ile ya zamani mpaka leo iko uani kwetu, chini ya turubai.

Saidi alinuna. "Papa, umeniulia gari. Esansi unagusa tu, inaruka. Hii mazutu inakohoa kwanza, inafikiri, ndiyo inatoka."

"Vizuri ifikiri," baba akamjibu, "maana dereva wake hafikiri."

Baba Mudogo, ndugu yake baba, ana gari kama letu lakini la esansi. Akatutania mpaka yeye na Saidi wakashindana kwenda Kizuka, baba amebaki nyumbani, sisi tumejaa viti vyote vya gari letu. Kwenye tambarare ya migazi, ile michikichi ya mawese, alituacha kama tumeegesha, mkono nje ya dirisha anatuaga. Lakini barabara ilipoanza kupanda, gari lake likapiga kelele, akawa anashusha gia, anashusha tena. Letu likapanda na gia ile ile, linanguruma chini chini kama halina habari na uzito wetu. Saidi akampita akicheka: "Baba Mudogo, tukutupie kamba?" Tangu siku hiyo aliipenda ile injini. Aliniambia, "Esansi ni ya kuondoka, mudogo wangu. Mazutu ni ya kufika."

Hakufika.

Magari ya kutoka Bujumbura hutembea pamoja, askari mbele na nyuma, na anayeachwa ameachwa. Siku Saidi alipokuwa anarudi kutoka huko, magari yote yaliingia Rumonge isipokuwa letu. Walilikuta kwenye mlima, ukishapita Gitaza kuja kwetu, na Saidi pembeni yake. Sitaandika alivyokuwa.

Matangani, Baba Mudogo alisema watu wote wakisikia: "Mimi nilisema. Mazutu haina mbio. Ingekuwa esansi, mutoto angewakimbia." Baba aliinuka, akatoka. Tangu hapo hali chakula nasi tena. Kila alasiri anakwenda uani, anafunua turubai, anaifuta ile injini ya zamani kwa kitambaa, taratibu, kama anayeosha maiti. Mama amemsikia akisema, "Nisamehe, mutoto wangu."

Mimi moyo wangu ulikataa. Wangemkuta kwenye tambarare, ningeamini. Lakini mlimani? Nilikuwamo ndani ya lile gari, nililiona linavyopanda.

Halafu sokoni akanivuta mkono msichana wa Kizuka, nimwite Riziki. Saidi alimpenda kwa siri, maana tangu vita vianze watu wao na watu wetu hawasalimiani, na kaka zake wako porini na bunduki. Alinieleza. Siku ile yeye alikuwa amekwenda Gitaza kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Saidi akayaacha magari mengine yaende ili ampakie. Mlimani wakaona watu wenye silaha wanatoka mbele, na wengine nyuma.

"Gari haikushindwa, dada," akaniambia. "Ilikuwa na nguvu, angeweza kupita katikati yao. Lakini risasi zingekuja upande wangu. Akapunguza mwendo kwenye kona, akanisukuma ndani ya migazi. Akasema, 'Lala, usilie.' Halafu akapanda polepole, makusudi, anapiga honi. Anapiga tu honi, dada, ili wamutazame yeye."

Akanishika vidole. "Kaka zangu wakijua nilipanda gari yenu, wataniua. Nyamaza. Murakoze, dada, asante."

Nimenyamaza. Lakini jana baba alianguka uani, karibu na ile injini. Muuguzi alisema mwilini hana ugonjwa, ila hali chakula. Najua ugonjwa wake, na dawa yake iko mdomoni mwangu. Nikimwambia, hataweza kuvumilia ile aibu ya matangani, atakwenda kumjibu ndugu yake, na Baba Mudogo neno halilali kinywani mwake. Kizuka wakisikia, Riziki amekwisha, na kaka yangu atakuwa amekufa bure. Nikinyamaza, namzika baba kwa kosa ambalo si lake. Na hata nikisema, nitamwambiaje kwamba mwanawe aliweza kurudi nyumbani, akachagua kutorudi?

Wasomaji, ninyi mko mbali na hamtujui, labda mnaona vizuri kuliko mimi. Nishaurini. Nimwokoe nani kati ya hawa wawili?

Nasikia kandambili zinatoka uani. Ni yeye, harufu ya mafuta imetangulia. Amesimama nje ya mlango wangu, haingii. Ananiita "Mama", kama alivyoniita nikiwa mdogo. Anasema, "Mama, wewe ulikuwa ndani siku ile ya kushindana na Baba Mudogo. Niambie kweli. Mlimani, ile gari ilipanda?"

Nitaificha karatasi hii chini ya mkeka. Bado anasubiri.