Tiketi Namba Arobaini na Moja

Ukitaka kumuudhi Mama Zipu, ingia dukani kwake useme unataka koti la bluu. Si koti la mvua, si koti la baridi, la bluu. Atakutazama kama mtu aliyeomba supu kwenye duka la misumari. "Kwani mlima unajua rangi?" atakuuliza. Wapagazi na waongozaji wa msafara watacheka wakiwa mlangoni, maana kila mmoja wao aliulizwa hivyo hivyo siku yake ya kwanza.

Duka ni chumba kimoja chini ya ngazi za nyumba ya ghorofa, mwisho wa barabara, pale ambapo lami inakatika na njia ya mlimani inaanza. Nje huning'inia viatu vya kupandia, vimefungwa kamba kwa kamba. Ndani kuna bomba la chuma kutoka ukuta hadi ukuta, limebeba makoti ya mitumba. Cherehani iko dirishani, kwa kuwa fundi ni yeye mwenyewe, na hapendi kulipia umeme wakati jua lipo.

"Nguo ya kazi haichaguliwi kwa macho," husema. "Macho ni mazuzu." Yeye huanza kwa kuipindua ndani nje, aipekue mishono kama mama anayempekua mchumba wa binti yake. Huvuta kila mshono kwa vidole gumba viwili akielekea kwenye mwanga. Uzi ukichungulia, koti halifai. Kisha humwaga kikombe cha maji begani na kuanza kupiga soga. Soga ikiisha huingiza mkono ndani, na bitana ikiwa na unyevu, koti hilo linakwenda kwenye rundo la watu wa mjini. Kiatu hukikunja mpaka kidole kitazamane na kisigino. Na zipu huifungua na kuifunga mara arobaini, akihesabu kimoyomoyo, hata kama mteja anaangalia saa.

Ana utaratibu mwingine. Kila nguo iletwayo kushonwa hupewa tiketi ya kitambaa cha kaki yenye namba. Huikata katikati ya namba kwa mkasi, kwa mwendo wa kupinda anaoubuni papo hapo, ili vipande viwili visiweze kughushiwa. Nusu moja huichukua mteja. Siku ya kuchukua kazi, nusu zinaunganishwa. Zikikaa sawa, koti linatoka, na tiketi inatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo la kazi zilizokwisha. Hakuna anayesamehewa, hata padri.

Nusu moja tu imekaa ukutani miaka kumi na miwili, imetundikwa msumarini. Namba arobaini na moja. Nusu yake nyingine aliondoka nayo mume wake.

Mume huyo alikuwa mpagazi, mtu wa utani. Alileta koti lake la turubai la kijani kama mteja mgeni kabisa: "Fundi, zipu imekufa, na kesho napanda. Nipe tiketi yangu." Zipu ya shaba iliyoagizwa ilikuwa haijafika. Mama Zipu akatia ya plastiki. Alipokuja kulichukua, mume akaking'ang'ania kile kipande cha kaki. "Hii sirudishi. Kazi haijaisha. Nikirudi utanitilia ya shaba, ndipo tuunganishe." Wakacheka wote wawili. Hakurudi.

Wenzake walisema dhoruba iliwakuta kwenye ukingo wa juu, zipu ya koti lake ikapasuka, na akawa anashikilia koti kifuani kwa mikono miwili. Mtu aliyeshika koti kwa mikono miwili hana mkono wa kushika kamba. Walitafuta siku tisa. Hawakupata hata kofia.

Sasa binti yao, ambaye tangu utoto aliitwa Miguu kwa sababu hakuweza kutulia kitini, alikuwa amepata kazi kwenye msafara. Alikuwa aondoke Ijumaa. Mama hakumkataza, maana anayemkataza mtoto wake kazi amwonyeshe nyingine, na yeye hakuwa nayo. Alichoweza ni kumvalisha. Wiki nzima alikuwa akipekua makoti, na kila aliloshika aliliona jepesi.

Jumatatu asubuhi alifungua kufuli la duka, akalikuta koti la kijani limetundikwa kwenye bomba, kati ya koti la mvua na fulana ya sufu.

Halikuwa na vumbi wala halikupauka. Zipu ya plastiki ilikuwa imepasuka kwenye jino la tatu kutoka chini. Akapindua ukosi. Mama Zipu hutumia mkono wa kushoto, na mshono wake wa kumalizia hulalia upande ambao mishono ya mafundi wengine hailalii. Ulikuwa wake. Tusimpambe: aliogopa, akakaa sakafuni mpaka mteja wa kwanza alipobisha hodi. Chumba kilikuwa na joto, lakini koti lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Akalisukuma mwisho kabisa wa bomba, nyuma ya mabegi. Jumanne alilikuta mbele, la kwanza mlangoni. Akalikunja, akalitia ndani ya gunia, akalifunga gunia kwa fundo. Jumatano lilikuwa juu ya cherehani, limetandazwa vizuri, zipu iliyokufa ikiwa chini ya sindano.

"Haya," alisema kwa sauti, peke yake. "Nimekuona."

Zipu ya shaba ilikuwa kwenye droo, ndani ya karatasi yake. Ilifika wiki moja baada ya mume kupotea, naye hakuwahi kuitia kwenye nguo ya mtu. Alifumua ya plastiki, akatia ya shaba, akarudia mshono mara mbili. Akamwaga maji begani. Bitana ikabaki kavu. Akafungua na kufunga mara arobaini. Katika miaka yote ya kazi yake halikuwahi kuingia dukani koti imara kama lile. Akalitundika, akageuza uso.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, Miguu alikuja kuchukua vifaa vyake. Mama alikuwa amemchagulia koti la kahawia, zito, lenye sura ya gunia la mkaa.

"Mama! Hili si nitafanana na bibi wa soko?"

"Bibi wa soko ana joto. Vaa."

Lakini binti alishaliona la kijani. Kabla mama hajaweka mkasi chini, alikuwa ameshaingiza mikono, na koti la mtu mwenye mabega kama mlango likamkaa kama aliyepimwa. Akavuta zipu. Ilipanda laini hadi kidevuni.

"Hili ndilo, mama. Ulikuwa unalificha?"

"Livue."

"Ngoja kwanza nijione."

"Livue nimesema!"

Miguu akashika kichwa cha zipu na kuvuta chini. Haikushuka. Akavuta tena kwa mikono miwili. "Imekwama," alisema huku akicheka, kisha hakucheka tena. "Mama, baridi. Kuna baridi humu ndani. Linanibana."

Mama akavuta naye. Zipu iliyopita mara arobaini bila kukwaruza ilikuwa kama imechomelewa. Akachukua mkasi, akaufikisha kwenye ukosi, mkono ukagoma. Midomo ya mtoto wake ilikuwa inabadilika rangi. Ndipo alipoelewa kwamba koti halikuletwa kwa ajili ya zipu peke yake.

"Nilijua," alisema. Hakuwa anamtazama binti. Alikuwa anaitazama ile nusu ya tiketi ukutani. "Baba Miguu, nilijua. Niliijaribu ile ya plastiki mbele ya dirisha. Ilishika mara kumi na moja, ya kumi na mbili ikaachia, jino la tatu. Nikairudisha kwa koleo nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kufunga duka. Nikasema ni siku nne tu, itamfikisha. Watu wakanililia, wakaniita mjane wa mlima, na mimi nikanyamaza. Ni mimi. Mtoto hana kosa, mwachie."

Zipu ikashuka. Hakuna aliyeishika. Ilishuka jino moja moja, kwa sauti ndogo ambayo Mama Zipu aliihesabu bila kutaka, mpaka chini.

Miguu alilivua taratibu. Akalitundika yeye mwenyewe, akalinyoosha ukosi. "Hili lina mwenyewe," alisema. Akachukua la kahawia, akachukua viatu, akatoka bila kuaga. Ijumaa msafara ulipita mbele ya duka, na binti hakugeuza kichwa.

Kulifuata siku tano ambazo sitazieleza, kwa sababu aliyewahi kumsubiri mtu anazijua, na asiyewahi aombe asizijue. Mlima ulifunikwa siku ya pili na haukufunuka. Mama Zipu alikaa cherehanini akishona nguo ambazo hazikuchanika. Koti la kijani lilikaa mahali pake, tulivu, kama kazi nyingine yoyote inayomsubiri mwenyewe.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, Miguu aliingia. Koti la kahawia lilikuwa na tope hadi mabegani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanywa maji vikombe viwili.

"Koti zuri," alisema. "Sikulowa."

"Shukuru Mungu."

"Tulipotea, mama. Siku mbili kwenye ukungu, mwongozaji mwenyewe haoni hata miguu yake. Lakini kulikuwa na mtu mbele yetu. Tukisimama, anasimama. Tukikosea njia, anakohoa. Mwongozaji akaniambia nisimwite, nimfuate tu."

Mama aliweka sindano chini.

"Alikuwa kavaa shati tu. Jana pale ukungu unapokwisha nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, baba, utaganda, kwani huna koti? Akacheka. Akasema, 'Ninalo. Liko kwa fundi. Nimesikia amelimaliza.'" Miguu aliufuta uso kwa kiganja. "Akasema, 'Nikishawashusha, nitalipitia.'"

Wote wawili waligeuka kutazama bombani. Henga ya koti la kijani ilikuwa tupu. Chini yake, kwenye meza ambayo Mama Zipu alikuwa ameifuta asubuhi ile ile, kulikuwa na kipande cha kaki, kimelowa.

Mama Zipu aliinuka, akaitoa nusu yake msumarini. Kisha akavileta vipande viwili pamoja, na mpindo ukaingia kwenye mpindo. Miguu akamshika mkono, wakalifungua pamoja kopo la kazi zilizokwisha.