Gia za Orrin Pugh

Kwetu Vilima vya Gumegume barabara za lami ni chache na hakuna anayezipenda. Baiskeli zetu ni za changarawe, na changarawe yenyewe si ya kuchezea. Ni mawe ya gumegume yaliyovunjika vipande vyenye makali ya wembe, na yanapasua ubavu wa tairi kabla mwenye baiskeli hajajua kimetokea nini. Ndiyo maana mtu mzima mwenye wajukuu anaweza kusimama saa nzima katika karakana ya Verlin Unruh, akiminya tairi kwa kidole gumba na kuuliza: milimita arobaini au arobaini na tano, ubavu mwepesi au mnene, laini katikati au yenye vinundu? Kisha anakwenda zake bila kununua kitu, na wiki ijayo anarudi ameshabadili mawazo. Ndio ugonjwa wetu. Tunaujua na hatutafuti dawa.

Verlin alikuwa na miaka sitini na miwili, na nusu ya hiyo ameimaliza akiunda baiskeli katika jengo lililokuwa duka la mbegu, nyuma ya ghala la nafaka la mji wa Kessler. Alitoka katika ukoo wa Wamenno, Wakristo wanaoimba kwa sauti nne Jumapili na kunyamaza siku sita zinazobaki. Mkewe alihamia jiji la Wichita zamani, bila ugomvi. Alisema amechoka kusubiri jibu la maswali aliyouliza mwaka juzi. Lakini kwa kazi ya chuma Verlin hakuwa na mpinzani. Fremu zake ziliwabeba watu wa kaunti tatu, na hakuna aliyewahi kurudisha hata moja.

Alikuwa na desturi yake. Kwenye tairi watu husitasita, lakini kwenye gia hudanganya. Kila mwanaume anataka gia za miguu aliyokuwa nayo miaka kumi iliyopita, na ukimshauri gia nyepesi anakutazama kana kwamba umemtukana mama yake. Kwa hiyo Verlin hakuuliza. Alimpandisha mteja kwenye baiskeli kuukuu ya karakana, akampeleka kwenye mwinuko wa nyuma ya ghala, akamwambia apande huku anasimulia habari yoyote. Pale maneno yalipokatika ndipo nguvu zilipokomea. Verlin aliandika ukutani kwa chaki idadi ya meno ya gia ya mbele na ya nyuma, mbele machache na nyuma mengi kwa miguu dhaifu, akaongeza kidogo ya nyuma kwa ajili ya upepo, na hapo mjadala ulikuwa umefungwa.

Mwezi wa Mei aliingia Orrin Pugh. Alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini na mitano, na kila Jumapili alasiri walikuwa wakiendesha pamoja, Orrin akizungumza kwa niaba ya wote wawili. Orrin alikuwa amefanya kazi ndani ya vumbi la ghala miaka thelathini na mmoja. Sasa mapafu yake yalikuwa yakigeuka makovu, na daktari alikuwa amempa miaka miwili, huenda pungufu.

"Nataka uniundie baiskeli," Orrin alisema. "Nyepesi. Ya kunifikisha juu ya Hessel mara moja tu."

Hessel ni kilima kirefu kuliko vyote upande wetu, maili kumi na moja kutoka mjini, na barabara yake ina mawe mabaya kupita zote.

"Gari unalo," Verlin alisema.

"Kwa gari hata mbwa wangu anafika. Tena anatapika njiani."

Verlin akampeleka nyuma ya ghala. Orrin alipanda mwinuko polepole, akisimulia jinsi dada yake alivyounguza bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, wageni wakala maharage ya kopo. Mara mbili alinyamaza ili avute pumzi. Lakini alifika juu, midomo imefifia rangi, na kisa alikimaliza. Verlin aliandika: thelathini mbele, arobaini na sita nyuma. Hesabu hiyo ilitosha kumfikisha mtu juu ya Hessel, kwa shida, lakini ingemfikisha.

Siku mbili baadaye alikuja Marjean, mke wa Orrin, amebeba mikate yenye nyama na kabichi ndani, ameifunga kwa taulo. Aliiweka juu ya meza ya kazi na hakukaa.

"Shemeji, umeshaanza?"

"Mabomba ya fremu nimeshakata."

"Daktari amesema moyo unaweza kumsimama kule barabarani. Nimemweleza. Anacheka." Marjean aliipapasa taulo. "Baiskeli ikiisha, atakwenda. Unamjua."

"Namjua."

"Basi isiishe."

"Mimi sijui kudanganya, shemeji."

"Nani kasema udanganye? Nimesema uchague tairi. Ninyi mnaweza kuchagua tairi mpaka Krismasi na hakuna mtu mjini atakayeshtuka."

Verlin alikubali. Baadaye alipojaribu kujieleza mwenyewe kwa nini, alikuta sababu zaidi ya moja, na si zote zilikuwa nzuri. Alimhurumia Marjean, hilo ni kweli. Lakini pia alijua kwamba Orrin asingekwenda Hessel peke yake. Angemwita yeye, na siku hiyo Verlin angekuwa kando yake wakati Orrin anaanguka. Verlin aliogopa. Na alizitaka Jumamosi, maana Orrin sasa alikuwa anakuja kila Jumamosi, na karakana ilikuwa na sauti ya mtu.

Tairi ambazo yeye na Orrin walikuwa wameziagiza Mei zilifika wiki ya pili ya Juni. Verlin aliliweka boksi juu darini na kulifunika turubai.

"Bado?" Orrin aliuliza.

"Bado. Na nimekuwa nikifikiria. Zile ni nyepesi mno. Gumegume likikupasulia ubavu maili nane kutoka mjini, kule ambako simu haishiki, utafanyaje?"

"Nitakaa chini nife kwa raha."

"Nasema kweli, Orrin."

"Na hizo nene nitazisukuma kwa mapafu ya nani? Ya kwako?"

Wakaanza hapo. Verlin alimpiga danadana majira yote ya joto. Juni walibishana arobaini na tano au hamsini. Julai wakahamia kwenye upepo wa tairi, ujazwe kiasi gani kwa mtu wa uzito wa Orrin, na uzito wenyewe ulikuwa unapungua kila wiki, hivyo hesabu ikaanza upya kila wiki. Majirani waliingia, wakatoa maoni yao, wakatukanana kirafiki, wakatoka. Mmoja alimwambia Orrin kwamba afadhali anunue punda. Orrin akajibu kwamba punda wanamtosha waliopo. Wote walicheka, Verlin naye akacheka, na kila alipocheka alikumbuka boksi la darini. Zilikuwa Jumamosi za furaha na yeye ndiye aliyekuwa mwizi ndani ya siku hizo.

Agosti, Orrin aliacha kuendesha gari. Akawa analetwa na Marjean. Alikaa kwenye kigoda badala ya kusimama. Kila Orrin alipokohoa, Verlin alihisi lazima apunguze kitu, na hapo alikuwa anafanya kazi ya kweli. Gia ya mbele ya meno thelathini akaitoa, akaweka ya ishirini na nane, kisha ishirini na sita. Nyuma akapanda mpaka hamsini na moja.

"Hiyo ni gia au sahani ya kulia?" Orrin aliuliza.

"Itakusaidia kwenye mwinuko."

Orrin aliinama, akahesabu meno kwa ncha ya kidole, moja moja. Waendeshaji wa kwetu wanasoma meno ya gia kama wengine wanavyosoma cheti cha hospitali. Alipomaliza alifuta mafuta kwenye suruali na hakutania tena siku hiyo.

Mwisho wa Septemba alikuwa na mpira wa oksijeni puani na mtungi mdogo kwenye mkoba begani. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba hakuja. Marjean ndiye aliyeingia, amevaa koti la mumewe.

"Mmalizie tu, shemeji," alisema. "Sasa hawezi kwenda popote."

Verlin alipanda darini. Kuvisha tairi, kumimina maji ya kuzibia pancha, kufunga mnyororo na kurekebisha breki kulimchukua alasiri moja. Kazi iliyoshindikana miezi minne na nusu iliisha kabla ya chakula cha jioni. Ilikuwa baiskeli nzuri kuliko zote alizowahi kuunda, rangi ya nyasi za kwetu za wakati huo wa mwaka, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na ukiiinua kwa mkono mmoja unadhani umesahau kufunga kitu.

Jumamosi iliyofuata Orrin aliletwa. Aliizunguka baiskeli mara moja, akiushika usukani, akilipigapiga tandiko. Hakuweza kuinua mguu kuvuka juu ya fremu. Verlin akailaza baiskeli chini, Orrin akasimama miguu huku na huku ya fremu, Verlin akaiinua mpaka ikamfikia. Mtungi wakaufunga mgongoni. Marjean alibaki ndani ya gari, amefunga vioo.

Orrin alikanyaga. Gia zilikuwa nyepesi mno, miguu ilizunguka haraka na baiskeli ikasogea kidogo tu. Alifika kwenye sanduku la barua la karakana, hatua kama kumi na tano, akaweka mguu chini. Verlin alikuwa ameshamkamata kiunoni. Walisimama hivyo muda mrefu, mmoja akihema, mwingine akimshikilia.

"Gia hazina kosa," Orrin alisema alipoweza kusema. "Umefanya kazi safi."

"Asante."

"Tairi nazo." Alikuwa anazitazama. "Ndizo hizi tulizoagiza Mei?"

"Ndizo."

"Zilifika lini?"

Verlin angeweza kusema jana. Alikuwa amesema bado kila wiki, na ulimi ulishauzoea uongo.

"Juni," alisema. "Wiki ya pili."

Orrin alivuta pumzi, na nyingine, na nyingine.

"Juni nilikuwa nakata nyasi mwenyewe."

"Najua."

"Ni Marjean?"

"Hapana. Ni mimi. Niliogopa."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, nusu iliyomhusu yeye, na Verlin aliitoa yote. Orrin aligeuza uso kuelekea kwenye gari, kisha akamrudia.

"Sikukuomba unitunze, Verlin. Wa kunitunza ninaye. Nilikuomba baiskeli."

Verlin akailaza baiskeli tena chini ili rafiki yake atoe miguu.

Majira ya baridi Verlin alikwenda nyumbani kwa Orrin kila Jumamosi. Marjean alimpakulia supu ya maharage na nyama, na mkate wa mdalasini pembeni, wakala watatu hao mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Walizungumza habari za mpira wa kikapu na theluji. Orrin hakuwa na kinyongo usoni, na hilo lilimsumbua Verlin zaidi ya matusi. Alikuwa amebeba ombi la msamaha tangu Oktoba na hakujua aanzie wapi.

Februari, Marjean alipotoka kwenda duka la dawa, Verlin alijikaza.

"Orrin. Kuhusu zile tairi."

"Nimelipigia hesabu hilo," Orrin alisema. Alikuwa amelala kwa ubavu, akiongea maneno manne manne. "Hapa kitandani nina muda. Nadhani Hessel nisingefika. Kwenye kona ya pili, pale palipochongoka. Pale ningeanguka."

Verlin alisogeza kiti. Akasubiri kilichobaki.

"Lakini ningekuwa pale," Orrin alisema.

Akafumba macho. Alikufa Jumanne iliyofuata, katika chumba hicho hicho, ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa gereji ya jirani.