Siku Saba Bila Wembe

Mimi Katarina ndiye niliyemnyonyoa Raheli mpaka akaugua, na sitaki mtu mwingine yeyote alaumiwe. Nasikia hapa Masanze kila mmoja ana lake. Mara eti kajipaka dawa za dukani, mara eti karogwa na wenzake wa Mikumi. Mnanichosha! Mliokuwa mnachungulia dirishani hamkuona kitu. Nisikilizeni mimi niliyekuwa ndani.

Raheli ni mtoto wa kaka yangu Yared. Ana miaka ishirini na sita na anapika kwenye mgahawa mmoja Mikumi, pale barabarani ambapo mabasi yanasimama abiria wapate kula. Ni binti mcheshi, mkono wake mwepesi, na madereva wanamwogopa kwa mdomo. Jambo moja tu lilikuwa linanishangaza kwake. Akija kulala kwangu, hata iwe sikukuu, hata awe amechoka vipi, alfajiri kabla jogoo hajawika keshajifungia bafuni, na hatoki mpaka baada ya nusu saa. Nilikuwa najisifu kwa majirani kwamba mtoto wetu anapenda usafi.

Akapata mchumba, Lucas, fundi wa kuchomelea mageti hukohuko Mikumi. Ndoa ikapangwa Jumamosi saa nne, kanisani. Sasa kwetu sisi mwali hatoki tu nyumbani akaenda kanisani kama anakwenda sokoni. Anawekwa ndani siku saba. Haoni jua, hapiki, hachoti maji, na somo wake anamfunda na kumsugua ngozi kila siku. Na wembe hauingii chumba cha mwali. Vinyweleo vya mwilini somo anavinyonyoa kwa majivu, kwa vidole vyake. Wembe ukiingia, wazee wetu wanasema, ndoa hiyo haifiki mwaka. Somo wake nilikuwa mimi.

Nikampokea Jumapili. Kazi ya kwanza ya somo ni kupekua mkoba wa mwali. Nikakuta pakiti nzima ya nyembe.

"Hizi zote za nini?"

"Za makwapa, Shangazi."

"Pakiti nzima? Wewe una makwapa mangapi?"

Nikacheka peke yangu. Yeye alikuwa ameukodolea macho mkono wangu ulioshika zile nyembe.

"Shangazi, naomba uniachie mmoja tu. Mmoja."

"Koma! Unataka ndoa yako ivunjike niambiwe mimi ndiye niliyevunja?"

Nikazifunga kwenye pindo la khanga yangu. Kuanzia hapo binti akajifunika uso mpaka chini ya macho. Jumatatu nzima nikimsemesha ananijibu kutoka ndani ya khanga. Jino, Shangazi. Jino linauma. Chakula akawa anakula akiwa amegeukia ukutani.

Jumanne mchana nikaingia na bakuli la unga wa mchele na manjano, nimsugue uso. Nikamwambia afunue, akakataa. Mimi sina subira, mnanijua. Nikaivuta khanga. Akaziba kidevu kwa mikono miwili, nikaivuta na mikono. Tukavutana pale kitandani mpaka nikamshinda nguvu.

Zilikuwa ndevu. Sisemi vile vinyweleo viwili vitatu ambavyo kila mwanamke anavyo na anavificha. Nasema ndevu, kidevu kizima mpaka chini ya taya, nyeusi, za siku mbili, ngumu mkononi.

Bakuli likaniponyoka. Nikatoka, nikaenda kusimama jikoni nikiwa nimeshika ukuta. Niliogopa, sitawadanganya. Nilimkumbuka Bibi Yusta, jirani yetu wa zamani, aliyekuwa na ndevu chache nyeupe kidevuni. Mwaka ule watoto wawili wa jirani walipofariki, watu hawakutafuta sana. Walisema mwanamke gani ana ndevu kama si mchawi, na kesho yake wakawa mlangoni kwake na mapanga. Mwanawe alimwahi, akamhamishia Magole. Mimi nilikuwa pale nimembeba mtoto mgongoni, nikatazama, na sikufungua mdomo. Sasa ndevu zilezile nilikuwa nazo ndani, kwa mtoto wa kaka yangu, na zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya ndoa.

Niliporudi chumbani nilimkuta amepiga magoti.

"Shangazi, usiniitie watu. Nakuomba, usiite watu."

"Nani kakwambia nitaita watu? Nyanyuka. Zimeanza lini?"

"Darasa la saba."

Akanieleza yote. Mwaka ule kaka yake Stefano naye alikuwa ameanza kuota ndevu. Yared akamnunulia mashine ya kunyolea, nyembe na kioo kidogo, mama yao akachinja kuku, na kila mgeni akaonyeshwa kidevu cha Stefano. Raheli alikula kuku yule akiwa ameinamisha uso. Usiku huohuo aliiba wembe wa kaka yake, na tangu siku hiyo hajakosa hata asubuhi moja. Miaka kumi na mitatu! Homa haikumzuia, misiba haikumzuia. Mikumi alipanga chumba chenye bafu lake wakati mshahara haumtoshi, watu wakasema anaringa.

"Lucas anajua?"

"Shangazi! Akijua ataniacha. Kwao watasema amekwenda kuoa dume. Nirudishie wembe, dakika tano tu, nami nitakaa siku zote saba kama unavyotaka."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nililifanya huku nikijiona nina akili. Ningempa ule wembe, mambo yangekwisha. Lakini niliogopa wembe kuliko nilivyoogopa ndevu. Niliona ndoa ikivunjika, na shangazi yake Lucas, Hildegarda, akininyooshea kidole mbele ya watu kwamba somo hakujua kazi. Nikamwambia, nitakunyonyoa kwa majivu, kama yanavyotoa vinyweleo vya kwapa yatatoa na ndevu hizi.

Nikachota majivu jikoni, nikafunga mlango. Nilianza mchana, nikaacha kuku wanaingia bandani. Raheli aliuma pindo la khanga na hakutoa sauti hata mara moja, kwa sababu nje kulikuwa na wanawake wanachambua mchele wa harusi. Machozi yalikuwa yanachuruzika mpaka masikioni. Jumatano nikaendelea. Vitone vya damu vikawa vinatoka, navipangusa na majivu yaleyale. Nilipofika chini ya taya vidole vyangu vilikuwa vimekwisha nguvu, nikapaacha. Kidevu chenyewe kikawa laini, nami nikajisifu moyoni. Mjinga mimi!

Alhamisi asubuhi alikuwa anaungua na homa. Kidevu kilikuwa kimevimba mpaka shingoni, kinang'aa, na vijipu vinatoa usaha. Nilikaa kando ya kitanda nikawa sijui nianzie wapi. Nikiita mganga wa duka la dawa, ataona. Nisipoita, mtoto anakwisha mbele yangu. Na siku hiyohiyo, saa nne, nikasikia sauti ya Hildegarda uani.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kumwona mwali wangu."

Alikuwa na haki hiyo, singeweza kumzuia mlangoni. Raheli akajifunika mpaka machoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Jino," nikadakia mimi.

Hildegarda akanyoosha mkono amguse shavu. Raheli akaruka nyuma mpaka kichwa kikagonga ukuta. Yule mama akanitazama, akatazama shingo ilivyovimba, akatoa simu.

"Jino gani hili, Katarina? Mtakuja kumzika na shela yake. Nampigia Lucas."

"Lucas haruhusiwi kumwona mwali!"

"Mila baadaye. Kwanza awe hai."

Tulingoja muda wa saa mbili. Kila pikipiki iliyopita barabarani, Raheli ananishika mkono kwa nguvu. Lucas akaja na gari la kuazima, ana vumbi la Mikumi mpaka kwenye kope. Akanisalimia, shikamoo mama, akambeba mchumba wake akamweka kiti cha nyuma, mimi nikakaa naye. Hildegarda akabaki kuwatuliza wageni. Tukashika njia ya Kilosa.

Njiani kuna makorongo, mnaijua barabara yetu. Gari likaruka, khanga ikamtoka Raheli usoni. Ilikuwa muda mfupi tu, nikamfunika haraka, lakini nilipoinua macho nilikutana na macho ya Lucas kwenye kioo. Kule chini ya taya nilikopaacha, ndevu zilikuwa za siku nne. Gari likayumba mpaka karibu tuingie mtaroni. Akalirudisha barabarani, akaongeza mwendo. Raheli naye alijua ameonekana. 

Hospitali kulikuwa na foleni, kina mama wa Tindiga na watoto wao, wazee, kijana mwenye mguu uliofungwa. Muuguzi wa mapokezi alikuwa na meza yake palepale mbele ya mabenchi.

"Mgonjwa ana tatizo gani?"

Lucas akajibu upesi, bila kututazama. "Jino."

Uongo ulikuwa wangu, lakini kuusikia kinywani mwake kulinichoma. Alikuwa ameona kwa macho yake, na alikuwa anaona aibu. Nikasema moyoni, basi, harusi imekufa, au itakuwepo na huyu mtoto ataamka alfajiri na wembe mpaka azeeke. Raheli alimtazama Lucas kwa muda. Kisha akaishusha khanga yeye mwenyewe.

"Si jino, dada. Ni ndevu. Nina ndevu, na nimenyonyolewa."

Benchi zima likageuka. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Kijana wa mguu akaguna, akataka kucheka, cheko likamkwama. Nikafikiri sasa wanainuka, sasa wanatupigia kelele. Muuguzi akaendelea kuandika.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Nani kanyonyoa?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi, shangazi yake."

Daktari alimchoma sindano, akamsafisha, akampa dawa. Alisema hali hiyo inatokea kwa wanawake wengi kuliko tunavyodhani, kwamba vipimo vipo, arudi akipona. Halafu akanigeukia mimi. Wembe usimguse kwa wiki mbili, na majivu yasimguse maisha yake yote. Nikasema ndiyo daktari. Wiki mbili, na harusi ni keshokutwa.

Nje tulimkuta Lucas amesimama kando ya gari, ametugeuzia mgongo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenioa?"

Akafungua mlango wa gari. Mimi nilitaka kumrukia nimtikise ajibu.

"Sijui," akasema. "Sijui, Raheli. Niache mpaka kesho."

Usiku ule, tumesharudi Masanze, sikulala na Raheli hakulala. Ijumaa ikapita yote. Wanawake wanatwanga, wanaimba, mimi nachungulia barabarani. Raheli alikaa na kile kidevu kilichovimba, ndevu zinachomoza pembeni mwa vidonda, na kila baada ya muda ananiuliza kama simu yangu ina chaji.

Jua likizama Lucas akaja. Akaingia hadi chumbani, na mimi nikamwacha aingie, mila yenyewe nilikuwa nimeshaivuruga. Alikuwa hajanyoa, vumbi na ndevu chache vimemkaa usoni.

"Wenzangu wananingoja kwa kinyozi," akasema. "Nimewaambia siendi. Kesho nitasimama hivihivi. Wakitutazama, watutazame wote wawili."

Mimi machozi yalikuwa yananilenga. Nikaona huyu ni mwanaume. Raheli hakulia.

"Lucas, wewe usiponyoa watasema shughuli zilikuzidi. Watakutania mpaka jioni, halafu watasahau. Mimi watasema ni mchawi. Nikipata mtoto akaugua, watasema ni mimi. Mvua isiponyesha, watasema ni mimi. Unalijua hilo?"

 Lucas akakaa chini kwenye mkeka. Ni kama jambo hilo lilikuwa linamfikia kwa mara ya kwanza, na niliona hofu inamwingia usoni, hofu ileile ambayo binti wa watu amekuwa nayo tangu darasa la saba.

"Sikulijua," akasema.

"Sasa umelijua. Bado unanioa?"

Wanawake wa nje walimaliza wimbo mzima. Kisha Lucas akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayeogopa, na Raheli akamwambia ndiyo ya namna hiyo ndiyo anayoiamini.

Jumamosi saa nne Raheli alikataa shela kushushwa usoni. Akaingia kanisani uso wazi, amemshika baba yake mkono, watu wakaacha kuimba mmoja mmoja, na mimi nikatembea nyuma yake nikihesabu nani anamtazama vipi.