Vitone Vitatu Chini ya Bakuli

Nina tabia moja inayowaudhi wenyeji wangu. Nikiandaliwa chakula, kabla ya kupakua naigeuza sahani nitazame chini yake. Wengine hudhani natafuta uchafu, nao hununa. Sitafuti uchafu, natafuta alama. Tabia hiyo sikuzaliwa nayo, niliipata kwa hasira, na hasira yenyewe haijanitoka.

Kwetu Msambweni chombo hakikai nyumba moja. Leo kimeazimwa arusini, kesho kiko matangani, kesho kutwa kimekwenda kwa jirani na futari ndani. Ndiyo maana kila mwanamke ana alama yake chini ya vyombo. Mmoja hupiga mstari wa rangi iliyobaki baada ya kupaka mlango, mwingine huandika herufi ya jina la mwanawe. Mama yangu hutia vitone vitatu vya rangi ya kucha, nyekundu. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia huvipaka tena, rangi juu ya rangi, hata kwenye vyombo vya zamani vitone hivyo vikanenepa. Ukipitisha kidole unavisikia kama punje za mtama.

Katika vyombo vyake vyote, kimoja kilikuwa na hadithi. Lilikuwa bakuli kubwa la kaure, jeupe, lenye maua ya buluu, masikio mawili na kifuniko. Baba yangu alikuwa mpishi melini. Siku moja meli yao ikatia nanga Marseille, ikawa Jumapili, wenzake wakaenda kutembea na yeye akajikuta katika soko la vitu vikuukuu, watu wametandaza mali zao chini: saa zisizotembea, vijiko vya marehemu, vinara, picha za harusi za watu wasiojulikana. Kifaransa hakukijua hata cha salamu. Akapatana bei kwa vidole na bibi mmoja mzee, ambaye alilifunga bakuli kwa magazeti kisha akalifungua tena kumwonyesha kuwa kishikio cha kifuniko kimevunjika, asije akasema amedanganywa. Baba alipenda sana kuisimulia sehemu hiyo. Alikigandisha kishikio mwenyewe melini, gundi ikaacha mstari wa manjano, akalileta bakuli nyumbani ndani ya godoro lake.

Mama hakuliweka kabatini kuwa pambo. Alilifanyisha kazi. Kila alipopika kitu cha maana, bakuli lilivuka ua kwenda kwa jirani yetu, mwanamke wa rika lake, walioolewa mtaa mmoja na kuzaa pamoja na kufiwa pamoja. Na jirani hakulirudisha tupu hata siku moja, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Likienda na mbaazi za nazi, hurudi na mkate wa sinia. Baba alipofariki, bakuli liliendelea kwenda na kurudi.

Kisha mama akaugua, akalazwa. Aliporudi nyumbani, macho yakiwa yamezidi kufifia kwa mtoto wa jicho, akaulizia bakuli lake. Halikuwepo. Alikumbuka vizuri kwamba kabla ya kulazwa alilipeleka kwa jirani na pilau. Kurudi kwa bakuli hakukukumbuka, kwa sababu mwenyewe hakuwepo. Jirani akasema, "Nimelirudisha, mwenzangu. Nililileta mwenyewe." Mama akasema, "Ulimpa nani?" Jirani akasema alimpa mwana wa kiume wa nyumba, yaani mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Mdogo wangu akaulizwa, akasema hajaliona.

Basi ikawa hivyo. Mama alimwamini mtoto wa tumbo lake.

Angeishia kununa tungevumilia. Lakini mama yangu ana ulimi, na siku ya arusi moja, wanawake wamekaa wanachambua mchele, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wakiona mwenzao anakaribia kufa huanza kurithi vyombo. Hakutaja jina wala hakuwa na haja ya kutaja. Jirani yetu ndiye aliyekuwa akitunza ufunguo wa stoo ya vyombo vya kikundi cha akina mama, masufuria na sahani na masinia ya mtaa mzima, miaka na miaka, na kijiko hakikuwahi kupotea mkononi mwake. Mwezi ule ufunguo ukachukuliwa kwa maneno matamu, "Upumzike sasa, bibi, umri umekwenda." Wote tulijua si umri.

Mimi nauza leso. Nafuata siku za soko, Kinango, Samburu ya barabara kuu, Lunga Lunga, nikirudi Ukunda. Kwenye masoko hayo, pembeni ya mbuzi na ng'ombe, daima kuna mtu aliyetandaza gunia lenye vyombo vilivyokwisha kutumika. Nikaanza kuvipindua. Kila safari, kabla ya kufungua mzigo wangu, napita kwenye magunia nageuza mabakuli. Kinango wakanipa jina, mama wa kupindua. Muuzaji mmoja aliniambia, "Dada, wenzako huangalia juu, wewe chini kunani?" Nikamwambia chini ndiko kwenye ukweli, akacheka, mimi sikucheka.

Nilijifunza mengi huko chini. Vitu vya Ufaransa ni vingi kuliko nilivyofikiri, bilauri nene zisizovunjika, sahani za kioo cha kahawia, na karibu zote zina alama za wanawake. Kitone cha kijani. Herufi. Mkwaruzo wa msumari. Kila alama ni mwanamke aliyesema "hiki changu", na chake kiko kwenye gunia Samburu kinaangaliwa na mbuzi. Nilikuwa narudi nyumbani na kichwa kinauma kwa ghadhabu, nikiwakasirikia watu nisiowajua, waume na watoto na wakwe waliovitoa vyombo hivyo mlango wa nyuma.

Bakuli sikulikuta kwenye gunia. Nililikuta Diani.

Kuna wageni wakazi wanaofanya soko lao katika bustani ya nyumba moja karibu na ufuo, mara moja kwa mwezi. Wanauziana jibini, sabuni, mapambo. Nami nikaalikwa kuuza leso, nadhani kwa sababu leso zinapendeza kwenye picha. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya mwanamke wa Kizungu, mstaarabu, mwenye kofia ya ukili, na mbele ya meza ameweka kibao: vitu vya kale vya Ufaransa. Vinara, fremu, vikombe vya kahawa. Na katikati, juu ya kitambaa cha kitani, bakuli la mama yangu.

Nililijua kabla sijalifikia. Ule mstari wa manjano kwenye kishikio, niliukuna kwa ukucha utoto wangu wote.

Kulikuwa na wateja wawili wamesimama, naye anawasimulia. Akawaambia kwamba yeye akisafiri huwa hana raha mpaka aingie kwenye masoko ya vitu vikuukuu, na kwamba bakuli hili aliliokota kwenye soko la Jumapili kusini mwa Ufaransa, kwa bibi mzee aliyelifunga kwa magazeti. Kwa magazeti! Aliyemuuzia bakuli alikuwa amemuuzia hadi maneno ya baba. Nilisimama pale na leso begani, nikimsikiliza mtu akisafiri safari ya marehemu baba yangu.

Wateja walipoondoka nililishika nikaligeuza. Chini palikuwa peupe, safi, panang'aa.

"Ulikuwa na uchafu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuagizia wapishi. "Rangi, rangi, mbaya sana. Mimi nimesafisha vizuri."

"Uchafu huo ni mama yangu," nikamwambia. "Bakuli hili ni letu. Limetoka nyumbani kwetu Msambweni."

Uso ukambadilika. "Mimi si mwizi. Mimi nimenunua kwa mtu. Ana tuktuk ya kijani, ananiletea vitu. Amesema ni vya nyumbani kwake."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijawahi kuona fupi kama ile, kutoka Ufaransa hadi tuktuk ya kijani bila hata kuvuta pumzi. Tuktuk ya kijani naijua, ni ya mdogo wangu. Mafuta ya mwanzo nilimtilia mimi.

Nikamwambia alirudishe. Akasema kwa upole kabisa kwamba yeye pia alitoa pesa, na kwamba kwa kuwa ni kitu cha familia yangu atanipunguzia. Watu wakaanza kutuangalia. Ningeweza kupiga kelele, na walinzi wangenitoa mimi, si yeye. Basi nilinunua bakuli la mama yangu kwa mauzo ya leso za siku ile, naye akalifunga kwa karatasi laini, akaniambia kwa nia njema nisilioshe kwa waya wa kusugulia sufuria.

Mdogo wangu nilimkuta jioni ile ile amelala ndani ya tuktuk yake. Nikamwekea bakuli mapajani. Hakukana. Akasema jirani alilileta mama akiwa hospitalini, limejaa kaimati, naye alikuwa na njaa. Akala kaimati. Kisha akaliona bakuli tupu, akawaza kwamba mama huenda asirudi.

"Ulizila kaimati zake," nikamwambia, "kisha ukamwacha aitwe mwizi."

"Sikujua yatafika huko, dada."

"Yamefika. Kamwambie mama."

Akapata wazo, na wazo lenyewe lilinitia hasira kuliko wizi. "Nunua rangi ya kucha," akasema. "Tulitie vitone, tuliweke nyuma ya kabati, tuseme limeonekana. Kila mtu ataridhika."

Nilimvuta kwa mkono hadi kwa mama. Nikasema mwenyewe, maana yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama mwari. Nilimweleza mama yote, soko, bustani, tuktuk, kaimati. Mama akanyoosha mikono, nikampa bakuli. Akalipapasa masikio, akalipapasa tumbo, kisha akaligeuza na kupitisha kidole gumba chini. Akapitisha tena. Akazunguka duara lote polepole, akitafuta punje zake za mtama. Mdogo wangu ameketi kwenye mkeka, amekodoa macho kwenye kidole kile.

"Hili si langu," mama akasema.

"Mama, alama imefutwa. Gusa kifuniko."

"Vifuniko vilivyovunjika viko vingi. Mimi chombo changu nakijua." Akanirudishia. "Na usimsingizie ndugu yako kwa ajili ya watu wa nje. Langu liko pale pale lilipo."

Nikamwangalia mdogo wangu. Neno moja tu lingetosha. Kinywa kile kile kilichokula kaimati kilikuwa kimefungwa, naye anachuna uzi wa mkeka.

Nililichukua bakuli nikavuka ua. Jirani alikuwa barazani anakuna nazi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Hakuligeuza. Aliacha mbuzi yake ya kukunia, akajifuta mikono kwenye leso, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa manjano. Akakaa nalo kitambo machozi yakimshuka, bila sauti. Mwanamke aliyeitwa mwizi wa bakuli ndiye pekee aliyelitambua kwa mguso wa kwanza.

Nikamweleza. Nikamweleza na lile wazo la rangi ya kucha, kwa sababu, Mungu anisamehe, lilikuwa limeanza kunikaa kichwani.

"La," akasema. "Likionekana nyuma ya kabati watasema niliona haya nikalirudisha kwa siri. Na nikilileta mimi kwa mikono yangu, watasema hilo hapo, alikuwa nalo." Akanirudishia bakuli. "Mwanangu, mimi nililirudisha mara moja. Limejaa. Mara ya pili sina."

Nikaondoka nalo tupu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu bakuli lile kutoka nyumba ile bila kitu ndani, na nilijua si ubahili.

Sasa liko kwangu, juu ya friji. Silitumii wala silipaki rangi. Kikundi cha akina mama nimekiambia yote, nikiwa nimesimama, na wakanisikiliza, wengine wakaguna, mmoja akasema mama mwenyewe amelikana, sasa wao waamini lipi? Ufunguo bado uko kwa mwingine. Na mdogo wangu kila nikikutana naye huniambia, "Nitasema, dada, nitasema," na mimi simjibu salamu zake. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakuambii ufanye nini kikiwa ki nguoni mwa mama yako naye anakikuna kichwa kwa mapenzi.

Juzi nilikwenda kumtazama mama. Tulikuwa tumekaa watatu, yeye, mimi, na mdogo wangu aliyekuja kula. Jirani akapita njiani nje ya mlango, akakohoa kama anavyokohoa siku zote, akasema, "Asalaam aleikum, wenye nyumba." Nikaitikia peke yangu. Mama alingoja mpaka kandambili zimefika mbali kidogo, kisha akageuza uso upande wetu akasema kwa sauti ya chini, "Fungeni kabati la vyombo."

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa karibu nalo. Akanyoosha mkono, akalifunga.