Wageni Waliong'oa Mpaka

Zamani mtu wa Naro Moru alijua shamba lake linaishia wapi kwa kutazama maua, na siku hizi anangoja kijana mwenye kompyuta aje amwambie.

Gikonyo alikuwa mtu wa zamani hizo. Kusoma alijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa nyama buchani, lakini mpaka wake haukuhitaji kusomwa. Yeye na kaka yake Kinuthia waligawana shamba la baba yao mbele ya wazee, wakapanda itoka mstari mzima kutoka barabarani hadi mtoni. Itoka, au matoka yakiwa mengi, ni ua jeupe lenye michirizi ya waridi, na chini ya ardhi lina kichwa kama cha kitunguu. Jua likaushe kila kitu, ua hilo halifi. Aliyeling'oa mpakani alionwa kama mtu aliyefukua kaburi. Hati ya shamba ilibaki na jina la baba yao, na hakuna aliyejali, maana maua yalikuwepo. Upande wa Gikonyo, karibu kabisa na maua hayo, ulipita mfereji ulionywesha viazi vyake. Bila mfereji huo shamba lake lilikuwa vumbi tupu.

Kinuthia alipokufa, mwanawe Mwai, dalali wa mashamba kule Nanyuki, aliikodisha nyumba ya marehemu kwa Waholanzi wawili, Ben na mkewe Sophie.

Gikonyo aliwashuku tangu siku ya kwanza. Wangekuwa wamishonari angeelewa. Wangekuwa wenye mashamba ya maua ya kupeleka Ulaya angeelewa zaidi. Lakini hawa walisema walikuja kupanda mlima wakaupenda, basi wakabaki. Mlima ni wa kuelekewa mtu anapomwomba Mungu. Nani huupenda tu, hivi hivi, akahamia kwenye baridi yake?

Nyawira, mkewe Gikonyo, aliwacheka bila chuki. Kila walipoacha dirisha wazi tumbili waliingia wakabeba mkate, na Ben akawafukuza hadi barabarani akiwa na taulo kiunoni. Walinunua kondoo wa Krismasi wakampa jina. Krismasi ilipofika kondoo akafungwa utepe shingoni, wao wakala viazi. Siku moja Nyawira aliwapelekea maziwa saa ya chakula, Sophie akamwambia kwa tabasamu, "Tunakula, tafadhali rudi baada ya nusu saa."

"Wanaficha nini na chakula?" Gikonyo aliuliza.

"Wanaficha wali umeungua. Nilisikia harufu."

"Na ile simu wanazunguka nayo shambani? Wanapima."

"Baba Wendy, wanapiga picha vipepeo."

"Siku hizi simu ndiyo inapima. Unadhani Mwai aliwaleta hapa juu ya vipepeo?"

Mvua za Aprili zilipoanza, Gikonyo na Nyawira walikwenda siku tatu kwa binti yao Wendy, Nairobi, na waliporudi akakuta mstari wa matoka haupo. Kutoka barabarani hadi mtoni ilikuwa udongo uliosawazishwa vizuri, umepandwa nyasi. Alichukua fimbo yake akavuka.

Sophie alikuwa amepiga magoti kwenye tope, uso umejaa furaha. "Shikamoo, mzee!" Kiswahili alikuwa amekisoma pwani.

"Mimi si mtu wa pwani. Maua yangu iko wapi?"

"Njoo uone!" Alimshika mkono kama mjukuu, akampeleka mbele ya baraza. Matoka yote yalikuwa pale, yamepangwa duara, yamemwagiliwa. "Yalikuwa yamesahauliwa kule kwenye majani. Kwetu maua ya namna hii hupandwa mahali watu watayaona. Mwai alisema tuchukue tunachotaka. Hata alifurahi sana."

Gikonyo aligeuka na fimbo yake akarudi kwake. Hakuna mtu wa kwao, hata mlevi, angeugusa mstari ule. Mwai alilijua hilo, ndiyo maana alitafuta mikono ya wageni.

"Wamelipwa," alimwambia Nyawira.

"Mtu anayemfunga kondoo utepe ndiye atakunyang'anya shamba?"

"Huyo ndiye hasa. Nani atamshuku?"

Haikupita wiki Mwai akaja na pikapu ya nguzo na waya, akaanza kuzishusha ng'ambo ya mfereji, kwenye viazi vya Gikonyo.

"Mwai, hiyo maji iko ndani ya shamba yangu."

"Baba mdogo, mpaka uko wapi? Nionyeshe."

"Unajua mahali iko."

"Ati najua? Mimi naona nyasi tu."

Gikonyo akamwita mzee wa kijiji, ambaye siku hizi ni mwanamke, Kagure, jambo lililomkera hata akiwa na shida. Kagure alikuja na majirani, akasimama na gambuti zake katikati ya nyasi.

"Waliopanda hayo maua amebaki mmoja, na ndiye analalamika," alisema. "Nani mwingine anajua yalikuwa wapi?"

Watu wakawageukia Waholanzi. Mwai alishamshika Ben bega, akimsemesha Kiingereza cha chini chini huku akicheka. Kiingereza cha Gikonyo kilikuwa cha magazeti, lakini aliambulia ya kutosha: nyumba, mkataba, mwisho wa mwezi. Ben alimtazama mkewe, akamnong'oneza.

"Twende nyumbani," Gikonyo alimwambia Nyawira. "Imeisha."

"Kaa hapo, Baba Wendy."

Sophie alichukua uma wa bustani, akaenda hadi barabarani, akaanza kuuchoma ardhini. Palipokuwa pagumu alipita. Palipokuwa laini alisimama. "Hapa. Na hapa. Hapa lilikuwa kubwa sana, lilinivunjia kucha." Ben alimfuata akichomeka kijiti kila aliposimama. Walishuka hivyo hadi mtoni, na vijiti vikawa mstari ulionyooka, na mfereji ukabaki upande wa Gikonyo.

"Huyu mama amechanganyikiwa," Mwai akasema.

"Ni wewe amekuchanganya," Kagure akajibu, watu wakacheka.

Maua yakarudishwa siku hiyo hiyo, Sophie akishika kila moja na Gikonyo akikandamiza udongo.

"Zamani hapa pangechinjwa kondoo kutakasa mpaka," Gikonyo alisema kwa uchungu.

Macho yote yakaenda kwa kondoo wa utepe. Sophie akamkumbatia shingo.

"Wacha mama wa watu," Kagure akasema. "Tutakunywa soda."

Mwai hakusahau. Aliwapa Waholanzi notisi ya kuhama. Nyawira aliposikia alimkalisha mumewe chini.

"Nyumba ya Wendy iko wazi tangu aende Nairobi. Wape wakae."

"Waje wang'oe nini tena?"

"Wamekosa nyumba juu yako."

"Walirudisha kitu walitoa. Na kwa nini walikubali kufukuzwa bure? Mtu hafanyi hivyo bure. Wacha nifikirie."

Alifikiria. Kila asubuhi Nyawira alimwuliza, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile. Nyawira akafagia nyumba ya Wendy, akaufungua mlango hewa iingie, halafu siku moja akaufunga.

Siku ya mwisho Gikonyo kuwaona, pikapu ya kukodi ilisimama mlangoni kwao ikiwa imejaa. Yeye alikuwa mpakani, anapita kutoka ua hadi ua, akihakikisha kwamba hakuna lililobebwa. Yote yalikuwepo, mengine yameshatoa majani mapya. Gari liliposhuka barabarani, Sophie alimwona amesimama pale akadhani amekuja kuwaaga. Akatoa mkono dirishani akapunga kwa nguvu. Gikonyo aliinua wake, akauona umefika juu, akashika kofia akaisawazisha. Pikapu ikakata kona, ikashika njia ya Nyeri.