Pampu ya Kisimani na Maji ya Jua

Jumatatu, mwezi wa Julai, 1964. Asubuhi manyunyu ya kusi. Saa nne jua likatoka, likakaa mpaka magharibi.

Hayo nimeyanakili kutoka daftari yangu ya zamani. Mimi nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, na madarasa manne ya skuli, basi. Nikiyapanga maneno vibaya nisamehewe, lakini pampu naijua. Miaka tisa nilikuwa msaidizi wa fundi mabomba bandarini, na pampu nilizozifungua ni nyingi kuliko vitabu.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa na kisima uani, jiko kando yake, na juu, ghorofa ya kwanza, chumba cha mama na bafu lake. Mama alikuwa na baridi yabisi ya magoti. Kusi likivuma hawezani na maji baridi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akivuta maji kwa pampu ya mkono, akiyachemsha, kisha akipanda na ndoo ngazi zetu zile, ambazo mgeni huzishika kwa mikono miwili. Mwezi wa Juni aliteleza. Maji ya moto yakamwagikia mguu, ngozi ikababuka. Mama alipouona ule mguu akasema hataletewa tena maji ya moto. Akaoga baridi. Baada ya wiki mbili hakuweza kushuka kusujudu. Akawa akiswali juu ya kiti.

Dada yangu mkubwa akaja kutoka Likoni, akatazama, akasema Ijumaa ijayo anakuja na teksi kumchukua mama akakae kwake moja kwa moja. Sitamsingizia. Nyumba yake haina ngazi, jiko na bafu vimepakana, na haki yake kwa mama ni sawa na yangu. Lakini mama alizaliwa katika nyumba yetu ile, na alipoisikia habari ya Likoni aligeuza uso dirishani. Nikamwomba dada anipe mpaka hiyo Ijumaa.

"Utafanya nini kwa wiki moja ambacho hukukifanya miaka yote?" akaniuliza.

Swali lilikuwa la haki. Pampu ndogo ya umeme nilikuwa nimeinunua tangu mwaka uliopita kwa Muhindi muuza vyuma wa Makadara. Ilikaa chini ya kitanda kwa sababu nilijiogopa mwenyewe: kazini kulikuwa na fundi mkubwa wa kuniambia nimekosea, nyumbani hakuna.

Jumapili nikazima umeme wote wa nyumba, nikaing'oa pampu ya mkono, nikaifunga mpya. Kila kiungo cha bomba nikakizungushia katani na rangi kisivuje, nikaishibisha pampu maji kwanza ili isinyonye hewa, nikawasha. Ikakohoa mara mbili, ikavuta. Maji yakapanda mpaka juu kabisa, kwenye sakafu ya wazi ya paa, ambako nilikuwa nimelaza pipa la chuma nililolipaka lami na mabomba meusi yanayopinda kama utumbo. Jua liyachemshe, kisha yashuke yenyewe bafuni kwa mama. Mke wangu akasema leo ndoo imepata talaka tatu.

Ile Jumatatu, baada ya adhuhuri, nikamfungulia mama bilula. Maji yakatoka na mvuke kidogo. Akatia kidole, akatabasamu, kisha akaniuliza yamepata moto wa nini.

"Jua tupu, mama," nikasema, na kifua mbele.

"Ndani ya nini?"

"Pipa."

Akaifunga bilula. "Mwanangu, haya ni maji yaliyopata jua ndani ya chuma. Weye hukusoma?"

Nilisoma. Kila mtoto wa chuo chetu aliyasoma, tena mwanzoni kabisa mwa kitabu, mlango wa maji: yaliyopashwa na jua katika chombo cha chuma ni makuruhu, bora kuachwa, kujitia mwilini yakiwa moto. Nilikariri nikiwa na miaka saba, nikatandikwa kwa kusahau, nikasahau tena mpaka siku ile. Mapipa yote niliyoyafunga bandarini hakuna aliyeyatawadhia.

Jumanne nikaenda kwa maalimu aliyenisomesha. Nikiri, nilikwenda nikitafuta ruhusa. Naye hakunificha kitu. Akasema si haramu, na wako wanavyuoni wanaosema hapana ubaya wowote. Nikarudi mbio na maneno hayo.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Sikukwambia ni haramu. Nimekwambia siyatii mwilini mwangu. Au mwili nao ni wako?"

Mke wangu akacheka jikoni mpaka nikamsikia. Nami nilikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Halafu nikakumbuka kwamba maalimu alisema neno jingine, ambalo katika mbio zangu sikulipa uzito: chombo cha udongo au cha mawe hakina neno.

Kule juu, pembeni mwa sakafu, palikuwa na birika la mawe na chokaa, lililojengwa zamani kukinga maji ya mvua. Lilikuwa kavu, na ufa kona moja. Nilipita kando yake nikibeba lile pipa. Jumatano nikauziba ufa kwa saruji. Ndani nikapaka chokaa iliyochanganywa na masizi ya sufuria, ili livute joto, na juu nikalaza vioo vya madirisha ya zamani. Bomba la kushukia nikalipitisha ndani ya ukuta, lisipigwe na jua.

Kilichobaki ni kuizuia pampu isifurishe. Nikatia boya kubwa la mti mwepesi birikani, uzi ukapita ukingoni ukashuka mpaka uani na jiwe dogo mwisho wake. Maji yakijaa, boya huinuka, uzi hulegea, jiwe hushuka na kuivuta swichi, pampu ikazima yenyewe. Kwanza nilitaka kulifanya boya kwa kopo la samli. Nikaliacha, nisije nikaulizwa na mama.

Ijumaa asubuhi nikajaza kina cha shibiri moja, mawingu yamefunika. Saa tano yakapasuka, jua likatoka. Nilipotoka msikitini nikapanda juu kabla ya kuvua kanzu, nikatia mkono: si ya kuchemka kama ya pipa, lakini moto wa kuogea mzee.

Dada akafika karibu na alasiri, teksi ikipiga honi chini. Mama alikuwa bafuni. Tulikaa tukiyasikia maji yakimwagika, yakanyamaza, yakamwagika tena. Mama akatoka, akatandika mswala, na mkono mmoja juu ya kigoda akashuka taratibu mpaka paji la uso likagusa chini. Sisemi maji yalimponya. Pengine ilikuwa ni hamu yake tu. Lakini alishuka, na sote tulimwona.

Alipomaliza alimwambia dada, "Mwambie mwenye teksi aende zake."

Dada akaenda dirishani akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na mawingu yakikaa siku tatu?"

"Nitachemsha nipandishe ndoo mimi. Si mke wangu."

"Nitakuja kukagua," akasema, na najua hakutania. Akavua buibui, akashuka jikoni kumsaidia mke wangu.

Tukala wali wa nazi, mchuzi wa pweza, na achari ya ndimu. Mama aliongeza wali mara mbili.