Kaka Yangu na Unga

Kaka yangu aliimba roki katika mji ambao wengi waliona muziki huo ni kelele za Wazungu. Alianzia kwaya ya Kilutheri pale Lemara, na mama alitumaini siku moja angekuwa mwalimu wa kwaya. Badala yake akakutana na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma Ngarenaro, Jumapili mchana, mafundi wakiwa wamefunga. Nilikwenda kumsikiliza nikitokea ibadani. Aliimba kwa Kiswahili, mishipa ya shingo imemsimama, habari za baba yetu aliyekufa bila kutuaga. Nikalia. Mpiga ngoma akanipa kitambaa chenye grisi nijifute.

Sijui nani alimwonjesha unga. Mwenyewe alisema ulimtuliza baada ya shoo, mwili ukiwa bado unachemka. Alipokonda tukasema ni kazi. Kisha akaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu hata kwenye jua la Januari. Gitaa likatoweka, halafu redio, halafu vitenge vya mama. Watoto wa mtaani wakimwita teja, aliwapungia mkono kama mashabiki.

Mama alikuwa na nyumba ndogo Maji ya Chai, katikati ya migomba. Kaka mwenyewe ndiye aliyeomba apelekwe huko.

"Mama, nifungie. Nikikuomba ufungue, usifungue."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ilipompanda alitapika, akajisaidia palepale, akaupiga mlango kwa kichwa. Alimtukana mama kwa Kichaga, matusi ambayo sikujua anayajua. Mama alikaa kwenye kigoda nje ya mlango akichambua maharage, punje ileile akiigeuza na kuigeuza. Kaka aliposema, "Mama, nakufa," alinyanyuka, akashika kitasa, akakaa tena.

Alipotoka alikuwa kama mtoto. Alikunywa uji, akalala, akaanza kupalilia. Jioni tulikaa barazani tukiutazama Mlima Meru ukitoka mawinguni, akinifundisha kuitikia sauti ya pili. Nikadhani tumevuka.

Baada ya miezi kadhaa bendi ikapata shoo mjini. Mama akamwambia, "Nenda, ndiyo kazi yako." Nilikuwepo ukumbini. Sikuwahi kumsikia akiimba vizuri namna ile. Baada ya wimbo wa mwisho akasema anakwenda kunawa uso. Tulipoona amekawia, mpiga ngoma ndiye aliyevunja mlango wa choo. Mwili uliokuwa umepumzika miezi yote ile haukuhimili kipimo cha zamani.

Tulimzika kwetu Kilimanjaro, kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya baba. Mchungaji akataja maradhi ya ghafla, kwa kutustahi. Mama akasimama.

"Samahani, Mchungaji. Mwanangu hakuugua ghafla. Ameuawa na unga, na sote tulikuwa tunaona. Mwenye mtoto kama wangu asimfiche."

Shangazi akamvuta kanga ili akae. Hakukaa.

Tuliporudi Lemara wakaanza kuja, mmoja mmoja, kina mama tuliosali nao miaka yote, wakiingilia mlango wa uani. Mama huwasikiliza. Huwaambia kuna kliniki ambako mtu hupewa dawa ya kumwachisha taratibu, jambo ambalo sisi tulilijua tumeshachelewa. Watoto wa baadhi yao sasa wanafanya kazi. Wengine tumewazika. Wageni wakiondoka, mama hujilaza kitandani na viatu miguuni, nami huingia kumvua.